Akiru na Dirisha Nililolifunga

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, na kifua kimetulia. Mama anaendeleaje na lile goti? Na huko Molo mvua bado inanyesha, au imewapa nafasi ya kuanika mahindi? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umevunjika, na nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu mpaka salio liishe.

Akiru amefariki. Ni yule mwenzangu niliyekuwa nikikusimulia, mwenyeji wa Kataboi, tuliyefungua naye kibanda cha kuchapisha fulana na mabango hapa Kakuma. Ndiye aliyenifundisha kuwaamkia watu kwa Kiturkana, "ejok", na ndiye aliyekuwa akinicheka eti watu wa Molo wakiona jua wanatafuta kitanda.

Unakumbuka sheria yako ya kwanza, kwamba mchapishaji hufunga dirisha kabla ya kufungua wino? Huko ukungu hukunja karatasi. Hapa nilifunga kwa sababu ya vumbi, tena kwa sababu ya joto, kwani kibanda ni cha mabati na wino ulikuwa ukikaukia kwenye wavu wa fremu tunayochapia kabla hatujachapa fulana ya pili. Nikatundika magunia yaliyoloweshwa maji dirishani na mlangoni. Kukapoa kweli. Kazi ikatoka safi, nami nikajisifu kwa Akiru kwamba mimi ni mtoto wa fundi.

Lakini fremu tulikuwa tukiziosha kwa petroli humo humo ndani. Akiru ndiye aliyeziosha, kwa sababu mimi mikono hunitoka vipele. Akaanza kukohoa. Siku moja akaniambia, "Njoroge, hii hewa iko mzito. Fungua hiyo dirisha kidogo."

Nikamjibu, "Ngoja tumalize oda ya kanisa ya Wakongo, vumbi itaharibu."

Akangoja. Alingoja oda nyingi, Baba.

Alipoanguka tulimkimbiza hospitali Lodwar. Daktari akasema alikuwa na pumu tangu utotoni, na ile hewa ndiyo iliyoichochea. Miaka miwili tumekula sahani moja na sikuwahi kumwuliza. Siku ya tatu akatutoka.

Bango la mazishi yake, lenye picha yake, nililichapa mwenyewe. Magunia nilikuwa nimeyatupa, dirisha na mlango viko wazi. Upepo ukaingiza mchanga, ukanata kwenye wino mbichi, pale pale usoni mwake. Niliona aibu kulipeleka Kataboi, lakini sikuwa na lingine.

Mama yake alipitisha kidole juu ya lile bango, akausikia mchanga. "Hii umefungua mlango," akasema. "Mtoto alikuwa ananiambia kwa simu, huko ndani upepo hakuna."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nililia mbele ya watu kama mtoto mdogo, na yeye ndiye aliyeniletea maji.

Sikulaumu, Baba. Ulinipa ulichofundishwa na wewe. Lakini tangu nirudi kutoka mazishini, kikohozi chako hakinitoki masikioni. Miaka yote tumesema ni baridi ya Molo, na Mama akakuchemshia tangawizi. Kumbe nawe huosha mashine kwa petroli, na lile dirisha la karakana ulilipigilia misumari hata sijazaliwa. Siku hizi Kamau, mdogo wangu, anashinda humo pamoja nawe.

Nisalimie Mama, na dada yangu Wambui na watoto wake. Bibi yetu Cucu mwambie ile sweta aliyonifumia bado sijapata siku ya kuivaa huku.

Kamau usimpe salamu tu. Mpe nyundo, ang'oe ile misumari leo, kabla hamjafungua wino. Karatasi zikijikunja, ziacheni zijikunje.

Mwanao anayekuhitaji bado,
Njoroge