Udongo Tuliotengeneza Asembo

Baba Akinyi wangu,

Ninakuandikia kutoka Kisian, kwenye nyumba ya kupanga ya binti yetu, kwa sababu kaburini kwako siwezi kufika tena. Zamani nikiwa na jambo la kukuambia nilikuja na kigoda changu, nikakaa kati ya migomba, nikaongea nawe huku nachambua mboga. Sasa pale ni maji. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nianze na yale mazuri, maana nikianza na haya mengine sitafika popote.

Unakumbuka tulivyorudi Asembo? Ulikuwa umeacha useremala kwa yule Singasinga wa Kisumu, mgongo umekataa kuinama kwenye benchi, na shamba alilokuachia baba yako lilikuwa kipande cha mchanga kando ya ziwa ambacho hata mbuzi walikuwa wanakipita tu. Msimu wa kwanza tulipanda mahindi. Yalitoka membamba kama nyasi, yakakauka kabla ya kubeba. Ndugu yako Ouma akatushauri tujenge nyumba tu, chakula tununue sokoni kama watu wengine.

Mimi nilikuwa tayari kumsikiliza. Wewe ndiye uliyesikia kanisani kwamba kuna mama anafundisha kilimo cha mboji kule Kombewa, ukanivuta twende. Mama Rispa alitufundisha kupanga lundo kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi, jivu, maji kiasi, kisha unachomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache unaichomoa na kuishika. Ikiwa na joto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi, kuna mahali umekosea.

Letu la kwanza lilinuka. Tulikuwa na haraka, tukajaza gugumaji kutoka ufukweni na maganda ya jikoni, bila makavu ya kutosha, na nzi wa Asembo yote wakahamia kwetu. Ouma alisimama nje ya ua akauliza kama tumeamua kuhamisha choo. Ulivua shati, ukalifungua lundo lote kwa jembe la meno, ukachanganya yale mabua ya mahindi yaliyotushinda, ukalijenga upya. Kisha ukaketi kando yake kama mtu anayeuguza.

Asubuhi moja ukaniita kutoka jikoni. Ulikuwa umeichomoa ile fimbo na kuishika kwa mikono yote miwili.

"Shika, Mama Akinyi," ulisema. "Ina joto kama mtoto aliyetoka kulala."

Nilishika. Ilikuwa kweli. Tulikuwa watu wazima, wazazi wa mtu mzima, na tulisimama pale tunapokezana kijiti tunacheka.

Baada ya hapo hukuacha kitu kipotee. Ulikuwa ukienda Kisumu kuchukua dawa ya mgongo, unapitia soko la Kibuye na gunia. Wale mama wa kabichi walikuita Mzee wa Takataka, lakini walikuwekea majani ya nje kando, na ulikuwa unawaulizia watoto wao kwa majina. Wenye boda boda walikukimbia kwa sababu gunia lilichuruzika. Ulifika nyumbani umelowa bega moja, unanuka, umefurahi.

Tulichimba mitaro ya kushika mvua isikimbilie ziwani. Tulifunika ardhi kwa nyasi, wewe ukisema udongo ulio uchi unaugua. Maji ya kuogea yalikwenda kwenye shimo la migomba. Siku uliyoona nyungunyungu wa kwanza ulinikataza kupita na jembe, ukamfunika kwa jani kama mgeni aliyelala. Pole pole mchanga ukageuka kahawia, kahawia ikageuka nyeusi. Tukapata mboga za osuga na dek, kunde, mapapai, ndizi za kugawa hadi kwa Ouma, ambaye siku hizo alikuwa hazungumzii tena choo. Watu walikuja kuangalia. Wewe uliwapa udongo washike kabla hujawapa hata kiti.

Kisha miguu yako ikaanza kuvimba. Daktari wa Kombewa alisema ni moyo. Kitandani pale hospitalini hukuniuliza juu ya kitu kingine isipokuwa kama nimeligeuza lundo. Nilikuambia nimeligeuza. "Basi sawa," ulisema, ukafumba macho. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri, maana baada ya hapo ulikuwa unaongea na baba yako.

Tulikuzika kati ya migomba, kama ulivyotaka. Vijana waliochimba walishuka hadi magotini bado ni udongo mweusi. Mmoja wao akasimama, akautazama mkononi, akasema, "Huu ni wa kupanda, si wa kuzika." Wenzake wakamnyamazisha kwa heshima yangu. Mimi sikuudhika. Niliona amekusifu kuliko mhubiri.

Nilibaki na bustani. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na furaha, lakini nilikuwa na kazi, na kazi ile ilikuwa na wewe ndani yake. Niligeuza. Nilimwagilia. Nilikusimulia.

Ziwa likaanza kupanda.

Maji yalikuja pole pole, tena kutoka chini. Kwanza mitaro yetu ilikataa kukauka hata jua likiwaka. Kisha matete yakaota mahali pa kunde. Nikachomoa fimbo ya lundo ikatoka baridi, imelowa, inanuka mayai yaliyooza. Nikalifungua lundo kama ulivyofanya wewe, nikaongeza makavu, nikalijenga upya juu ya mawe. Fimbo ikatoka baridi tena. Jirani wa chini alihama, choo chake kikafurika, na maji hayo hayo yakaingia kwenye mboga zetu. Nilizing'oa nikazitupa. Mpapai ulisimama siku nyingi ukiwa umekufa.

Ouma alikuja akiwa amevaa gambuti. Alizungumza nami kwa upole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema ziwa halirudi leo wala kesho, twende tubomoe mabati ya nyumba kabla hayajaharibika. Nikamwambia mabati abomoe yeye, mimi nahamisha udongo.

Nilikuwa namaanisha. Upande wa juu, karibu na barabara, maji yalikuwa bado hayajafika. Ouma akanipa sehemu yake ya mteremko niuweke huko. Akina mama wa kanisa walipopata habari walikuja na makarai na mabeseni bila mimi kuwaita. Sijui walikuwa wanafikiri nini juu yangu. Walipanga mstari kutoka kwenye bustani hadi juu, na udongo wetu ukapanda kile kilima kichwani kwa watu, ukidondokea mabegani mwao. Hakuna aliyeimba. Wengine wao walikuwa wameshapoteza nyumba.

Akinyi alifika kutoka Kisian akiwa na nguo za kazini. Alinikuta ndani ya maji, najaza karai kwa mikono.

"Mama, huu ni udongo tu," alisema. "Udongo uko kila mahali."

Nilimwambia, "Huu tuliutengeneza."

Akanitazama. Kisha akaweka mkoba wake juu ya jiwe, akavua viatu, akaja kubeba pamoja nasi, analia bila kutoa sauti. Hapo nilimwona anafanana nawe kabisa.

Tuliufunika kwa majani ya migomba, tukalaza mabati ya zamani juu yake, tukayakandamiza kwa mawe. Nilikuwa na mpango. Ningepanda kunde haraka ili mizizi iushike. Mbegu nilikuwa nazo.

Mvua haikungoja kunde. Ilinyesha ule mchana ambao nilikuwa juu huko nachimba mtaro wa kukinga. Maji ya barabarani yalikata kona, yakanyanyua mabati, yakaingia chini yake. Nilijitupa na jembe kuyageuza upande. Nilipogeuza hapa, yalitokea pale. Nikaona maji yanayoteremka yamebadilika rangi, yamekuwa meusi, na nikajua. Baba Akinyi, udongo wetu ulinipita miguuni. Ulishuka kwenye njia ile ile tuliyoupandishia, ukapita kando ya nyumba iliyobaki kuta, ukaingia ziwani. Nilisimama tu. Nilikuwa nimechoka hata kuita.

Kuhusu wewe mwenyewe, ukoo ulikaa. Wengine walitaka uhamishwe, wengine wakasema mtu aliyelazwa kwao hafukuliwi, na waliokuwa wanajua kuchimba wakasema kwa vyovyote maji yameshatangulia. Waliniuliza. Nikasema usisumbuliwe. Ule msalaba wa kaburi lako waliouchonga wenzako wa karakana ulibaki unaonekana muda mrefu, kwanza wote, halafu mikono tu. Ndege wa mnandi walikuwa wanatua hapo kukausha mabawa. Siku moja Ouma alinipigia simu akasema hauonekani tena.

Hapa Kisian kila kitu ni saruji. Nilikaa bila kufanya chochote hadi Akinyi akaogopa, akaniletea pipa lililokatwa, akaliweka nyuma ya bafu. Kwa ajili yake nilianza. Nikapanga tabaka. Nikachomeka fimbo. Halikunuka, nakuapia, lakini wapangaji walipoona maganda walikumbuka panya, wakamwendea mwenye nyumba. Alikuja mwenyewe, kijana mwenye adabu. Alisema, "Pole, Mama, lakini hapa si shamba." Walilimwaga kwenye taka za barabarani. Nilipotoka kutazama kulikuwa na mvuke unatoka. Lilikuwa limeshaanza kupata joto.

Wiki iliyopita Mama Rispa alinitafuta. Ana kundi jipya kule Kombewa, wengi wao wanawake wenye mashamba mapya, akataka niende niwaonyeshe kwamba inawezekana. Alisema majina yetu bado anayataja akifundisha. Nikaenda. Wamejenga kibanda kizuri, wana malundo yaliyopangwa vizuri kuliko yetu. Nilisimama mbele yao nikaeleza makavu na mabichi, na sauti ilikuwa inatoka vizuri. Halafu mwanamke mmoja, ana mimba, akaniuliza kwa hamu kabisa: mchanga kama ule wenu, inachukua muda gani kuugeuza uwe udongo?

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuona umelowa bega moja na gunia. Nilimwona nyungunyungu chini ya jani. Nikasema, "Ilituchukua maisha yetu yote ya pale. Ziwa lilihitaji msimu mmoja."

Hakuna aliyeandika hilo. Yule mwanamke akaweka mkono juu ya tumbo lake. Mama Rispa alikuja akanishika kiwiko, akanirudisha kwenye kiti, akaendelea yeye. Walipomaliza alinisindikiza hadi barabarani. Hakunilaumu. Alisema nipumzike, na kwamba kuna mche wa mgomba amenitunzia, kutoka kwa ule tuliompa sisi. Nilimshukuru. Nikamwambia ampe yule mwenye mimba.

Akinyi anaamini nitapata nguvu. Anatafuta kiwanja kidogo upande wa juu, mbali na maji, na kila jioni ananieleza jinsi tutakavyopanga mitaro. Ninaitikia. Ninamwona anavyochora na kidole juu ya meza na ninaitikia. Yeye ana umri wa kuanza.

Mimi nimechoka, Baba Akinyi. Si mikono, mikono bado inaweza. Nimechoka mahali pale ambapo mtu anachukua ganda la ndizi mkononi na kuliona limekuwa kitu kingine. Siku hizi nikilishika naona ganda. Nimejaribu kwa uaminifu, na naona ganda tu.

Sitaanza tena. Akinyi bado hajajua. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Lala salama huko ulipo.

Mkeo,
Mama Akinyi