Aliyecheza Mgongoni mwa Mama

Olmotonyi, Arusha
14 Agosti

Dada yangu mpendwa Aika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, wewe, shemeji Eliya na watoto. Huku tunaendelea. Baridi ya mwaka huu imekaza, Mlima Meru hatujauona wiki nzima kwa mawingu, na Baba amevuna mahindi yake nyumbani Kikwe bila kumngoja mtu. Mama hajambo kiasi. Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho, na nataka ufike mwisho.

Uliniagiza nichunguze ni akina nani walioigeuza jubilei ya wazazi wetu kuwa kichekesho. Nimewajua. Ni watu watatu tu, wana ofisi ghorofa ya pili mjini, yenye majani ya plastiki sakafuni na kiti kinachoning'inia kama bembea ya chekechea.

Mkubwa wao anaitwa Msafiri. Ana miaka zaidi ya arobaini na anakwenda kazini na kaptula. Kazi yao ni kutangaza matamasha ya muziki, lakini ukisema hivyo ananuna. Yeye husema wanauza hisia. Unaelekeza simu kwenye picha yao, iwe bango au nguo, na kwenye kioo anachomoza msanii, anacheza juu ya hicho ulichokielekezea, kisha anataja siku ya tamasha. Ukishusha simu, hakuna kitu. Wataalamu wanaita uhalisia ulioongezwa, kana kwamba huu tulio nao umetupungukia. Pale Levolosi nimeona watu wazima, wenye familia zao, wameinamia ukuta wa bucha wanacheka nao. Anayekusanya picha nyingi hupewa tiketi ya bure, kwa hiyo hakuna kijana ambaye hajapakua programu yao.

Wa pili ni Princess, binti anayemtengeneza huyo msanii kwenye kompyuta. Msanii mwenyewe anajiita Radi. Sauti hana, na wimbo wake mzima una maneno sita, lakini kiuno anacho. Princess alitumia miezi miwili kukilainisha kile kiuno, akaniambia bila kupepesa macho kwamba huko ndiko kuuenzi utamaduni wetu.

Baadaye Msafiri akaota kumficha Radi kwenye michoro ya kitenge, ili kila atakayekivaa awe bango linalotembea. Kitenge chenyewe ulikiona: miduara ya zambarau na michirizi ya njano, kama shuka la gesti. Hakuna aliyekitaka. Ndipo ikawa kazi ya mtu wa tatu, ambaye ameajiriwa kutafuta umati. Huyo namdharau kuliko wote wawili, na nitamfikia.

Siku ile ya jubilei tulikivaa sote kanisani, na wewe ulikuwa mbele umemshika Mama mkono, hukuona ya nyuma. Mchungaji alipowaita wazazi wapige magoti wabarikiwe kwa miaka yao hamsini ya ndoa, Mama alichelewa kushuka kwa sababu ya lile goti bovu. Vijana wakainua simu wapige picha. Mmoja alikuwa ameacha ile programu wazi, akamwona Radi amechomoza mgongoni mwa Mama, shati halina kifungo, anakata mauno. Akamwonyesha jirani yake, wengine wakafungua za kwao, na mchungaji alipoweka mkono juu ya kichwa cha Mama, mabenchi sita ya nyuma yalikuwa yanacheka. Jioni video ilikuwa imefika mji mzima, na Msafiri akairusha kwenye kurasa zake pamoja na tarehe ya tamasha. Simu ya Mama ni kitochi, haionyeshi video. Yeye alisikia kicheko tu, akaamini wanacheka goti lake. Tangu siku hiyo hajaenda ibadani. Anasema mguu unamuuma.

Tukakaa kikao cha familia kumtafuta mwenye kosa, na sisi na elimu zetu tukaishia kwa Nice, mke wa ndugu yetu Hans. Nice ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kitenge, akashona sare za watu mia mbili kwa cherehani yake moja. Ulipomwambia amemuuza mama mkwe wake kwa wahuni, hakulia. Alisema kitenge kile nilimletea mimi. Nikasimama mbele yenu nikasema nilibeba tu majora, yeye ndiye aliyechagua. Ukaniamini, ukamwambia asikanyage tena Kikwe. Hans akamwacha na mtoto Levolosi, akahamia kwa Baba. Hata wanawake wa usharika wamechukua vitambaa vyao kwake.

Dada, mtu wa tatu ni mimi.

Nyumbani mnajua bado nachapisha kadi za harusi. Niliacha mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwambia Msafiri kwamba nina umati wa watu mia mbili, wenye heshima zao, wenye vijana wengi, ambao hawataniuliza kitu. Nilimdanganya Nice kwamba kitenge kimetoka kwa rafiki yangu mwagizaji. Nilijua kilichomo. Nilidhani watu watakigundua baadaye kwenye chakula, watacheka kidogo, yaishe. Usinitafutie sababu kubwa, sikuwa na shida yoyote. Msafiri alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima, yaani mbele ya Princess, na nikafurahi. Nilimuuza mama yangu ili nisifiwe na mtu mzima anayevaa kaptula.

Jumatatu nilikwenda Kikwe nikamweleza Mama. Alinisikiliza huku anapukuchua mahindi. Aliuliza kama ni kweli hawakuwa wanacheka goti lake. Nilipomhakikishia, akauliza Nice anakula nini siku hizi, na mtoto ananunuliwa maziwa na nani. Akaniambia niondoke, nisirudi bila Nice. Baba hakuitikia hata shikamoo yangu. Hans alinizaba kofi, haki yake, akaondoka mbio kwenda kwa mkewe. Hakufunguliwa.

Mimi nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu Nice alisimama mlangoni akanijibu bila kunikaribisha. Alisema uongo wangu haukumshangaza, alishanijua siku nyingi. Aliyemuumiza ni wewe, wifi yake, ambaye siku anaingia ukoo wetu ulimwambia kwamba sasa ana dada. Alisema alikuwa anakutazama wewe kikao kizima, akisubiri umuulize hata swali moja. Hatakwenda Kikwe kwa kuletwa na mimi, wala na Hans. Aliyemfukuza ndiye aje amchukue.

Kwa hiyo njoo, dada. Kazi ya Msafiri nimeiacha, na usinipongeze kwa hilo. Sikuombi msamaha, wala usinitafute ukishuka kwenye basi. Nenda moja kwa moja Levolosi ukabishe hodi. Mama amesema hataingia kanisani mpaka akae benchi moja na Nice.

Msalimie shemeji. Watoto waambie mjomba wao mzima, zaidi ya hapo usiwaambie. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwamini,

Solomoni