Shingo ya Chungu Iliyonikwama Mkononi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo kidogo cha polisi, mjini Arua, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa tatu asubuhi

Jina: Yasiri Aliga
Umri: Miaka sabini na nne, au sita. Aliyejua ameshakufa.
Kazi: Fundi baiskeli; siku hizi fundi wa kukaa
Makazi: Kuluba, Koboko

Mimi ni mtoto wa mfinyanzi mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea Koboko, na vyungu vya mama yangu vilinunuliwa mpaka Kongo na Sudan.

Hapo juu nimesema uongo. Nimemwomba Sajini Adrabo apige mstari, akasema maelezo ya polisi hayafutwi, yanaongezwa tu. Basi aongeze kwamba mama yangu, Hajara, aliuza karanga za kukaanga sokoni, na chungu alikijua kwa kukinunua. Nimeanza na uongo huo kwa sababu umeshazoea mdomo wangu, na kwa sababu ndio uliomfungisha Jovia Ocokoru, msichana wa makumbusho, ambaye yuko mahabusu hapa nyuma.

Mnamo tarehe 11 Februari, siku ya Jumanne, nilikuwa Mvara, hapa hapa Arua, kwa binti yangu Ritah. Alipochoka kunisikiliza alinipa nauli ya boda akasema, "Baba, wamefungua tena ile makumbusho ya vitu vya mapambo. Enda uone vizee wenzako." Nilifika saa nne hivi. Sajini anataka na dakika. Saa yangu haina mshale wa dakika.

Mle ndani kulinuka rangi mpya. Kulikuwa na shanga, vikapu, mabuyu yaliyochorwa kwa moto, vyote vimefungiwa ndani ya kioo kama vimekosa kitu. Niliona kiti cha miguu mitatu kimezungushiwa kamba kisikaliwe. Mimi ninacho kama hicho nyumbani, kuku analalia mayai chini yake. Jovia ndiye anayetembeza wageni, na saa ile mgeni nilikuwa peke yangu. Alinionyesha chungu cheusi chenye shingo ndefu, shingo imechorwa mistari na nukta kama chale. Akanisomea karatasi yake: "Mfinyanzi hajulikani."

Akasema, "Mzee, zote ziko hivi. Walikusanya vitu, hakuna mutu aliuliza jina. Mimi nikipata hata jina moja tu, nitafurahi."

Nikamjibu, "Jina iko. Hii ni ya mama yangu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Msichana alikuwa na adabu, na mimi nikipewa heshima hulewa haraka.

"Kweli, mzee?"

"Unaniuliza mimi? Mama alikuwa anabonyeza kidole gumba ndani ya shingo, upande wa kushoto. Fungua nikuonyeshe."

Aliangalia mlangoni, kisha akatoa ufunguo. Ufunguo ule amepewa wa kufutia vumbi, si wa kufungulia wazee. Aliniuliza jina la mama, akaliandika kwenye ile karatasi kwa herufi kubwa: HAJARA. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini jina hilo nalisoma. Lilikaa vizuri pale. Saa ile ndiyo ningesema kwamba natania. Badala yake nikaingiza mkono.

Mkono uliingia, ukakataa kutoka. Tukavuta. Yeye alicheka, na mimi nikacheka. Akasema, "Mzee, tulia, usivute. Naleta sabuni." Akatoka mlango wa nyuma anakimbia.

Nikasikia wanafunzi wanaingia kwa mbele. Nikaona watanikuta kama nyani aliyenaswa shambani. Nikavuta kwa nguvu, chungu kikagonga ukingo wa meza, tumbo lake likaanguka na kuvunjika. Shingo ikabaki mkononi mwangu kama bangili. Ningengoja sabuni. Sikungoja. Nilishusha mkono wa koti nikatoka. Wanafunzi walinipisha njia, na mmoja akanipa mkono kunisalimu. Nilimpa wa kushoto. Nikachukua boda mpaka kwenye magari ya Koboko.

Nyumbani niliwaambia nina jipu. Kila nikitawadha, maji yalipita chini ya shingo ile yakabaki humo, na nilisali mkono ukidondoka matone. Jana jioni Ritah alinipigia simu.

"Baba, kule makumbusho chungu imevunjwa, na shingo yake haiko. Wamekamata msichana mwenye ufunguo, wanasema ameuza. Yeye anasema mzee mmoja alinaswa mkono. Watu wanamcheka. Baba, wewe ulienda?"

Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Nilichukua nyundo ninayonyooshea rimu, nikaweka mkono juu ya jiwe. Pigo moja tu, na mambo yangekwisha. Nilipozungusha shingo ili nipate pa kupiga, nikahisi kitu kwenye mshipa. Ndani, upande wa kushoto, kuna alama ya kidole kweli. Nilikuwa nimeibuni tu. Kuna mwanamke alibonyeza pale udongo ukiwa mbichi, na huyo si mama yangu. Nikakaa na ile nyundo. Uongo wangu Jovia aliuamini papo hapo, na ukweli wake umechekwa siku mbili. Ushahidi wake wote duniani ulikuwa umevaliwa na mimi. Nikaweka nyundo chini. Leo alfajiri nikapanda gari.

Jovia hakuiba wala hakuvunja. Kosa lake ni kuamini mzee. Naomba pia jina la mama yangu litolewe kwenye karatasi ile, irudi ilivyokuwa. Mama hakupenda vya watu.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na safari hii sikutia chumvi.

Dole gumba la kushoto la Yasiri Aliga (la kulia limevimba)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maneno haya kwa Kiswahili, akayakubali yote isipokuwa sentensi ya kwanza. Shingo ya chungu nimeiona mkononi mwake, haitoki. Inalingana na vipande vilivyoletwa kituoni. Nimemwonya kwamba anaweza kushtakiwa, akasema anajua. Baada ya kuweka dole gumba ameomba kuongeza neno, nami naliandika kama alivyolitamka.
Sajini Severino Adrabo

"Adrabo, ulipokuwa kazini Koboko nilikuazima pampu yangu ya baiskeli, na mpaka leo sijaiona. Sasa sitaki pampu. Yule msichana alitoka kunitafutia sabuni. Mfungulie mlango, umpe kipande cha sabuni, aniletee. Mimi niko hapa kwenye benchi. Leo nitamngoja."