Sisimizi Kwenye Ndoo

Silanga, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa dada yangu Ndululu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama ameacha kukohoa? Mbuzi wanapata maji? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Daisy wangu siku hizi anajidunga sindano zake za sukari mwenyewe, na halii tena.

Natumaini Audrey wako alifika salama jana. Simu yako haishiki tangu jioni, ndiyo maana nimechukua kalamu, na unajua mimi na kalamu hatujuani sana. Mutunga, kondakta wa basi la kwenu, atakupa barua hii mkononi. Kaa chini uisome yote.

Audrey alipoondoka nilitoa ile ndoo wasichana wanayotumia usiku, maana choo chetu kiko mbali. Nikakuta sisimizi wamejaa kwa mkojo, mstari wao mpaka mlangoni. Walikuja hivyo hivyo mwaka juzi Daisy akianza kuugua, nami nikawamwagia maji moto nikaendelea na kazi zangu. Jana asubuhi nilimpima Daisy, sukari yake iko sawa. Kwa hivyo, dada, hawakufuata mkojo wa Daisy.

Sasa ndiyo nakumbuka. Kule Kawangware, kwa Nduta mke wa kaka yetu, Audrey alikunywa maji mpaka mtungi ukabaki mtupu. Nduta akasema, "Weh, Mama Daisy, umeniletea mtoto ama ngamia?" Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Sketi ilikuwa inamtoka kiunoni, nikasema ni kurefuka. Na ile soda kubwa ya safari nilimnunulia mimi, nisamehe. Kama imebaki, mwaga.

Daktari alinieleza hivi. Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo hata macho hayavioni, na hizo seli zinatumiana habari kila saa. Kuna zile za kongosho, kazi yao ni kutuma ujumbe unaitwa insulini, kuambia zingine: chakula kimefika, fungueni. Sasa askari wa mwili wakakosea, wakaona hao wenye kutuma ujumbe ni maadui, wakaanza kuwaua mmoja mmoja, kimyakimya. Damu inajaa sukari mpaka nyingine inatoka na mkojo, na seli zinakufa njaa mlango umefungwa. Mtoto anakula na anakonda. Nje huoni kitu mpaka waliobaki ni wachache sana.

Nilimpigia Nduta leo, akaniambia, "Si ni huyo wako amemwambukiza?" Hapana. Ugonjwa huu hauambukizi. Lakini daktari alisema unaweza kufuata damu ya ukoo, na damu yetu ni moja.

Usimnunulie dawa ya malaria. Usimpe glukosi eti apate nguvu. Mimi nilimpa Daisy glukosi siku tatu, kijiko kwa kijiko, nikimbembeleza amalize. Siku ya nne alikuwa anapumua kwa nguvu kama amepanda mlima, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, na nikimwita haniitikii. Ukiona hayo hata usifungue hii mashine ya kupima sukari niliyokutumia, beba mtoto uende hospitali kubwa.

Mashine iko kwenye hiyo bahasha, ni ya Daisy. Yeye ndiye alisema tuitume, sisi kliniki ya karibu na mtaa wa Ayany watatupimia. Amekuandikia namna ya kumchoma kidole. Mpime Audrey wakati Mutunga bado yuko hapo mlangoni. Ikiandika namba kubwa, mpeleke leo. Ikiandika herufi HI badala ya namba, ujue sukari imepita kipimo chake, usiitikise ukidhani imeharibika. Mimi niliitikisa, na dakika zikaenda.

Msalimie Mama, na shemeji Kimanzi mwambie atafute pikipiki kabla hajauliza maswali. Mungu amshike Audrey mpaka mfike.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na sijalala,
Katunge, Mama Daisy