Hatua Mbili Mbele ya Mgonjwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki mbili nje — mgongo. Korido iko vilevile: mita thelathini, koni mbili za rangi ya chungwa, alama za utepe wa gundi sakafuni kila mita tatu, kiti kimoja na benchi mwisho kabisa. Sista ndiye aliyenishikia zamu. Kapima watu tisa. Fomu zake zimepangwa vizuri kuliko zangu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mgonjwa wa saratani ya utumbo anayesubiri kupasuliwa, unamtembeza dakika sita, unaandika mita. Daktari anatafiti kama mazoezi ya mwezi mmoja kabla ya kisu yanamsaidia mtu kupona upesi. Ukifika mita mia nne unapangiwa siku. Hukufika, unarudi nyumbani kwenye mazoezi, unapimwa tena baada ya wiki tatu.

Mchana Daktari kaingia na karatasi mkononi. Wagonjwa wa Sista wako chini, mia tatu na hamsini hivi. Wangu hawashuki mia nne na kumi. Akasema mbele ya watu wote — Sista, hawa watu unawatembeza au unawazika? Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka.

Jumanne, 4 Machi

Sista kanifuata stoo. Hakuwa na hasira.

"Kaka, hivi wewe unasimama wapi?"

"Nasimama wapi lini?"

"Mgonjwa akiwa anatembea."

Nikamwambia pale pale kwenye koni, kama tulivyofundishwa. Akaitikia, akaondoka. Alikuja kujifunza, maskini. Alidhani kuna kitu nakijua.

Haya, niandike. Daftari hili halisomi mtu.

Sisimami kwenye koni. Natembea nao. Hatua mbili mbele, upande wa kulia, siongei sana. Zamani uwanjani hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu: nawatangulia wakimbiaji wakubwa, nawavuta kwa kasi wanayoitaka, mizunguko kadhaa, halafu najitoa pembeni wao wamalizie. Mbio za kumaliza mwenyewe sikuwahi kuwa nazo. Goti likaisha. Nikaletwa hapa kwa sababu naijua stopwochi. Wagonjwa wananiita Kocha.

Kwenye mafunzo walisema usitembee na mgonjwa. Mtu akiona mgongo mbele yake ataufuata, na hapo hupimi tena mapafu yake, unapima miguu yako. Kila dakika sema maneno yaliyoandikwa, ufunge mdomo. Nilielewa vizuri kabisa. Kama kuna mtu chumba kile aliyeelewa ni mimi! Lakini siku ya kwanza alikuja mzee mmoja, kaogopa, kaitazama ile korido kama barabara ya jangwani. Nikasema twende. Akafika 431. Daktari akanipigapiga bega, hongera.

Kwa hiyo ilianza kama huruma. Siku ya pili haikuwa huruma. Nilitaka lile bega.

Miezi kumi na minne. Watu mia moja na kumi na sita.

Jumatano, 5 Machi

Mama Cherehani yuko chumba cha uangalizi maalumu. Fundi nguo, mnene kidogo, mcheshi sana. Kapasuliwa Jumatano iliyopita. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, wanasema. Mapafu ndiyo yamegoma. Mashine inampumulia, siku ya saba leo.

Nilimpima mimi. Ijumaa, tarehe 14 Februari, siku yangu ya mwisho kabla ya mgongo. Alipomaliza aliangukia kiti, dakika nzima anahema tu. Halafu akacheka. "Kocha wewe! Mimi nilikuwa nafukuza shati lako tu." Nikaandika 412. Hilo la shati sikuliandika. Kwenye fomu kuna nafasi ya maoni, mistari mitatu. Niliiacha tupu.

Mumewe anakaa nje ya mlango. Ana mfuko, ndani ndala za mkewe, ili akitoka asikanyage sakafu ya baridi. Kaniona, kasimama, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Eti ndiwe uliyemfaulisha, alirudi nyumbani anajisifu hadi majirani wakachoka.

Nikasema atapona, kaka. Nikaenda kula. Nilimaliza sahani.

Alhamisi, 6 Machi

Sista kapewa barua. Arudie mafunzo, siku mbili. Kasaini mbele yangu. Kalamu ilikuwa yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Sokoni na mke wangu. Kila Jumamosi twaenda kwa miguu. Tulipofika kona ya wauza viatu akaniita kwa nyuma, anahema. Anasema baba watoto, miaka ishirini na miwili nakimbizana na mgongo wako. Huo uso nauona nyumbani tu! Siku moja simama, uone mwenzio anakwenda mwendo gani.

Alikuwa anatania. Mimi nikasimama kweli.

Akanipita. Mkoba begani, kanga imelegea, anasalimia watu. Nilihesabu hatua — kazi imeniharibu. Kwa mwendo ule, dakika sita, mita mia tatu na arobaini. Mwanamke mzima, hana kidonda.

Nilimwambia yote pale pale, katikati ya ndoo na mabeseni. Hakupiga kelele. Aliuliza moja tu: huyo mama wa cherehani, angeachwa peke yake angefika?

Nikasema hapana.

Akanunua vitunguu. Akajadiliana bei, akashinda. Tukarudi, yeye mbele. Mlangoni ndiyo akasema: "Jumatatu usile kitu kabla hujasema."

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema. Saa tatu asubuhi, ofisini kwa Daktari. Alikuwa anapanga picha za kuwaonyesha wageni Ijumaa, matokeo ya miezi yote hiyo. Mistari yangu ilikuwa pale kwenye skrini, imepanda vizuri, rangi ya kijani.

Wangapi? Wote. Tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Akavua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea, mtu unatukanwa unatoka umelipa. Hakunipa.

Akasema: "Namba zilinifurahisha, nami sikuuliza." Akazima skrini. "Na Sista nilimcheka."

Nikamuuliza la Mama Cherehani. Akaeleza taratibu, kama anavyoeleza wanafunzi. Angepata 350 angerudishwa wiki tatu. Labda mapafu yangepata nguvu. Labda yangegoma vilevile. "Sasa hatutajua kamwe. Hicho ndicho ulichotunyima."

Hivi ndivyo itakavyokuwa. Watu wanne wanapasuliwa wiki hii kwa namba zangu — wote wanapimwa upya kesho. Sista anashika saa. Mimi nikae benchini na mafaili, wakitaka kuuliza niliwafanyaje. Nisinyanyuke. Kesho mchana tunakwenda pamoja kwa yule mume, Daktari ataeleza, mimi niwepo. Ijumaa wageni hawaji, inakaa kamati ya utafiti.

Nilimtafuta Sista. Niliomba msamaha, nilisema yote, na uongo wa stoo, na kicheko.

"Nimekusikia, kaka."

Akaendelea kukunja mashuka.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia kwenye goti, benchini, mwisho wa korido. Sista yuko koni ya kule, stopwochi shingoni.

Wa kwanza ni Fundi Saa. Karekebisha saa za watu miaka arobaini, sasa kastaafu. Namba yangu kwake: 422. Kisu chake ni keshokutwa. Pajama mpya keshanunua, kaniambia bei na duka. Asipofika mia nne leo, siku inafutwa, anarudi nyumbani wiki tatu na uvimbe wake tumboni. Sista kamweleza hivyo bila kupunguza. Akimaliza kwa nguvu zake, sawa. Akipelekwa kwa nguvu za mtu mwingine, tumeona kwa Mama Cherehani.

"Kocha, leo umekaa kama mgeni msibani."

"Leo unatembea peke yako, mzee," Sista akamwambia.

"Mzee nani? Na hiyo stopwochi yako, dada, naisikia hapa. Inachelewa."

Tumeanza.

Dakika ya kwanza, 74. Sista: unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano. Sauti moja, hapandishi wala hashushi. Anafanya vizuri kuliko nilivyowahi.

Ya pili, 144. Mzaha umeisha.

Ya tatu, 208. Anashika kiuno. Kila akifika upande wangu ananitupia jicho, ananiuliza bila mdomo.

Ya nne, 268.

Ya tano — 330. Amesimama. Hapa hapa, kwenye koni yangu, hatua mbili kutoka benchi. Mkono ukutani. Kupumzika kunaruhusiwa, saa haisimami. Zimebaki mita sabini. Nakijua kitu cha kufanya. Ningekifanya usingizini.

"Kocha," anasema. Pumzi haitoshi. "Njoo basi. Nitangulie tu."

Sista haangalii huku. Anaangalia saa.

Mguu wangu wa kulia umeshatoka chini ya benchi, sijui saa ngapi. Nimeurudisha.

Bado sekunde hamsini. Bado ananitazama. Naandika. Naandika ili nisisimame.