Dawa Iliyoingia Kwenye Pipa

Jumapili, Kamukuzi, Mbarara. Rasharasha tangu asubuhi, ile mvua isiyotaka kunyesha wala kukoma. Sikwenda kanisani. Nimefua mashuka ambayo hayatakauka leo, nimepika chai mara tatu na mara zote nimeisahau ikapoa.

Nina aibu. Naanza na hilo kabla sijaanza kulipamba.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nafanya kazi kwenye maabara hapa Mbarara, nachunguza homoni na protini za viwavi wa hariri. Jumamosi huwa nashuka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa tantine, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, tangu tulipovuka kutoka Kivu ya Kusini, nusu ya njia mimi nikiwa mgongoni mwake. Yeye na wanawake wenzake wana kikundi cha kufuga viwavi wa hariri, na aliyewafundisha ni mimi. Wananiita Docteur wa Badudu, yaani wa wadudu. Sina udaktari wowote, ila sijawahi kuwasahihisha. Naupenda utani huo kuliko inavyofaa.

Basi mwezi huu viwavi wa tantine wamekataa kufuma.

Mayai yalikuwa ya mzao mmoja, wakagawana wote. Kwa wenzake vifukofuko vilishajaa kwenye trei, vyeupe, vinapendeza. Kwa tantine viwavi walikuwa bado wanakula. Siku ya kumi ya hatua yao ya mwisho, wanakula. Siku ya kumi na tano, wanakula. Wamenenepa kama vidole gumba, hawana doa wala kuhara, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kutafuta kona ya kufumia. Alikuwa anaamka alfajiri kuwakatia majani ya mforosadi, anawahesabia siku, anawasemesha.

Jumamosi mbili zilizopita, kikundi kilipokutana kwenye banda la kukatia majani, Mama Byamungu, mwenyekiti wao, alisema jambo ambalo nadhani wengi walikuwa nalo mdomoni.

"Mukono ya Mama Amani haikomazake kitu."

Amani alikuwa mtoto wa kwanza wa tantine. Alimzika, kisha akazika wengine wawili, na hakuna aliyefikisha miaka miwili. Jina limebaki. Watu wanamwita Mama Amani kila siku bila kuwaza wanamwita nini, ila siku ile banda zima liliwaza. Tantine alikuwa anachambua majani. Hakupandisha sauti. Alinielekezea kidevu tu.

"Na huyu? Alikomaa mukono ya nani?"

Wote wakanigeukia. Nikatazama chini kama mtu mnyenyekevu, na ndani nimevimba kwa fahari. Nikawaahidi kwamba nitatafuta chanzo. Nilisema "kisayansi", nakumbuka.

Nilirudi Mbarara na viwavi ishirini ndani ya boksi la viatu. Wiki nzima nilitafuta ugonjwa. Niliwasaga, nikawaweka chini ya hadubini, nikatafuta vimelea vyote ninavyovijua. Hakuna. Nikampasua mmoja, na tezi zake za hariri zilikuwa zimejaa pomoni. Kila kitu kilikuwamo, protini ya uzi na ile ya gundi inayoushika uzi, tayari kabisa. Hakupata amri ya kuitoa.

Nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayataeleweka. Kiwavi ana homoni inayomwambia aendelee kuwa mtoto. Mimi naiita homoni ya utoto. Ikiwamo mwilini, kila akijivua ngozi anabaki kiwavi, anaongezeka ukubwa tu. Akifika hatua ya tano mwili unaacha kuitengeneza, na kuna kimeng'enya maalumu kinachovunjavunja mabaki yake mpaka yaishe. Ndipo homoni ya pili inapata nafasi: kiwavi anaacha kula, mwili wake unaanza kupitisha mwanga, anainua kichwa, anatafuta pembe, anatema uzi. Ile ya kwanza isipoisha, haya mengine hayaji. Atakula na kula, mtoto mkubwa aliyejaa hariri, mpaka siku atakayokufa.

Niliyaandika haya yote kwenye tasnifu yangu. Sura ya tatu. Nilipewa alama nzuri.

Ijumaa jioni nilikuwa nafagia chini ya kitanda nikakuta pakiti ya dawa ya viluwiluwi vya mbu. Nilinunua mbili mwezi uliopita kwenye duka la pembejeo hapa mjini. Moja niliiweka kwa ajili ya tangi langu, moja nikampelekea tantine, kwa sababu malaria ilikuwa imemlaza mara mbili na nyuma ya nyumba yake ya viwavi kuna pipa la maji ya mvua lililojaa viluwiluwi. Nilimimina mwenyewe, nikakoroga na kijiti. Tulikuwa wawili tu. Alifurahi kama nimemjengea nyumba.

Mbele ya pakiti kuna picha ya mbu. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna jina la kemikali: piriproksifeni.

Nilikaa sakafuni na ufagio mkononi.

Hiyo ndiyo sura ya tatu. Ni homoni ya utoto ya kughushi, na kile kimeng'enya hakiiwezi. Ndivyo inavyomzuia kiluwiluwi asiwe mbu. Na tantine, kwenye jua kali la kabla ya mvua hizi, alikuwa analoweka gunia kwenye lile pipa na kuwafunikia majani yasinyauke. Nilimfundisha mimi, kufunika kwa gunia bichi. Kiasi kidogo mno cha dawa kinatosha. Hilo nalo nimeliandika.

Kwa hiyo jana nilishuka Nakivale nimeshaamua kusema. Kutoka kituo cha Rwekubo nilipanda boda, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Kikundi kilikuwa kinakaa kuamua kama trei za tantine zipewe mtu mwingine. Kwa mwanamke aliyekaa miaka mingi ndani hataki kutoka, halafu viwavi ndio wakamtoa, hilo si jambo dogo. Walikuwa wamekaa kwenye benchi na ndoo zilizogeuzwa. Nilisimama. Nilieleza homoni ya utoto vizuri sana, hata leo najua nilieleza vizuri. Nilichora kwenye udongo kwa kijiti. Nilisema mkono wa mtu hauhusiki, viwavi hawaujui mkono wa mtu. Tantine alikuwa ananitazama usoni.

Kisha nikafika kwenye pipa, na mdomo wangu ukasema hivi: "Kuna dawa iliingia kwenye maji."

Iliingia.

Ni neno la kawaida kabisa. Sikusema uongo. Mtoto akivunja kikombe anasema kimevunjika, na sisi watu wazima tunamcheka. Nilingoja mtu abadilishe mazungumzo. Mama Byamungu hakubadilisha. Alikuwa ananiangalia mimi, hakumwangalia mtu mwingine.

"Iliingia aje? Dawa iko na miguu?"

Baadhi walicheka. Nilifungua mdomo. Nilifikiria jina la Docteur, nilifikiria watakavyonipokea Jumamosi ijayo, nilifikiria mambo mengi ya kipuuzi kwa muda mfupi, na nikatazama chini. Safari hii sikuwa na unyenyekevu hata wa kuigiza.

"Ni miye," alisema tantine. "Nilitia. Nilizania ni ya kuua bambu tu."

Na mimi nikanyamaza.

Naliandika tena ili nisije nikalirukaruka baadaye. Shangazi yangu alisema ni yeye, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilinyamaza. Wakaongea kidogo. Wakaamua mzao ujao hatapewa mayai, trei ziende kwa jirani, yeye apumzike kwanza. Walisema kwa upole. Aliitikia, "Sawa, bamama," akajifunga kitenge vizuri akainuka.

Nilimfuata mpaka kwenye nyumba ya viwavi. Bado walikuwa hai wengi, wanatafuna, ile sauti yao ya mvua ndogo juu ya majani. Alichukua majani mapya akaanza kuwawekea. Nikamwambia waache, hawatafuma tena, wataishia hivyo hivyo. Akaniuliza kama wanasikia njaa. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuwawekea.

Nililia. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Ungesimama aje tena mbele yabo?" alisema. "Weye ndiye moja nilikomaza, Furaha. Niache bakupasule mbele yangu?"

Kisha akapanga majani, yasilaliane. Halafu akaniuliza kitu ambacho tangu jana hakinitoki. Hakunitazama alipouliza.

"Na batoto bangu? Nabo, kuna kitu kiliingia? Ama ni mukono?"

Nilimwambia si mkono. Hilo nalijua na nitalisema popote. Nini kilikuwa, nikamwambia sijui. Watoto watatu, hakuna aliyewapima chochote, hakuna karatasi, wawili wamelala kule Kivu tusikokanyaga tena. Ningetoa kila nilichosoma ili niwe na jibu la swali hilo moja. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limejaa. Akaniambia niwahi, mvua inakuja.

Hayo ni ya jana.

Leo mchana nilimpigia simu Mama Byamungu. Nilisimama kufanya hivyo, sijui kwa nini, kama vile angeniona. Nilisema bila salamu ndefu: dawa nilitia mimi. Nilinunua mimi, nikamimina mimi, Mama Amani hana kosa lolote. Nilisema haraka na nilipomaliza nilikuwa nahema.

Nikasikia anafukuza kuku.

"Furaha," alisema, "ile dawa alitusifia mwezi muzima. Mutoto wangu ameniletea dawa ya bambu toka Mbarara. Alibeba pakiti mpaka kanisani. Nani hajui?"

Nikamuuliza, basi kama mlijua, kwa nini mmemnyang'anya trei?

"Tulikungoja. Nilikuuliza kama iko na miguu. Ukaangalia chini." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Yeye akasema ni yeye. Tungemuita muongo mbele ya mutoto wake?"

Nikamuuliza kama tantine anajua kwamba wao wanajua.

"Anajua. Si ni yeye alituambia?"

Akaniambia nisalimie watu wa Mbarara, akakata.

Kwa hiyo banda zima lilijua. Yeye alijua kwamba wanajua, na wao walijua kwamba anadanganya, na wote kwa pamoja waliukubali uongo huo nikiwa nimesimama katikati na kijiti changu, nikidhani nimejificha. Aliwapa trei zake mkononi ili mimi nipate mlango wa kutokea. Nami nikautumia. Nilipanda boda nikawahi mvua.

Nimekuwa nikijiambia kwamba niliogopa kupoteza heshima. Heshima gani? Waliyokuwa wananipa ilikuwa yake, alikuwa ananiazima.

Jumamosi nitasimama palepale. Sitachora chochote. Nitasema nilitia mimi, na kwamba nilinyamaza, kisha nitakaa kwenye ndoo waamue watakavyoamua. Mama Byamungu hakuniahidi kitu, na sikumwomba. Inawezekana trei zisirudi. Inawezekana tantine akasirike kwamba nimeuharibu uongo alioulipia.

Saa kumi sasa, rasharasha bado. Simu iko hapa mezani. Jumapili ndiyo siku yetu, huwa ananingoja nimpigie baada ya ibada, na kufikia sasa ameshajua kwamba nachelewa. Nimelitafuta jina lake mara nne nikaliacha.

Najua atakavyopokea. Ataniuliza kama nimekula.