Vidole Sita Dirishani

Chuoni, Dirisha la Pili,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu tele zikufikie huko uliko. Kifua kimeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi ulinihama wiki mbili nzima.

Barua iliyopita nilikuandikia kwamba binti yako hana shida yoyote hapa chuoni. Isome hii mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Ofisini kwetu wameletwa watafiti watatu. Eti wanachunguza jinsi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyopata ushauri wa masomo, ili utaratibu ubuniwe upya. Maneno matamu hayo. Mkubwa wao, mama mmoja niliyembandika jina la Bi Daftari, anaketi kwenye benchi mkabala na dirisha langu tangu saa mbili asubuhi. Nikipiga chafya, anaandika. Nikimrudisha mwanafunzi akajaze fomu upya, anaandika mistari miwili.

Machale yalinicheza. Miaka kumi na tisa napokea fomu na kugonga muhuri, leo mtu aje kunitazama bure bure? Nikajua wanatafuta sababu ya kunipumzisha. Basi nikakaza kamba: fomu ikikosa saini moja, rudi ulikotoka. Niliwarudisha wengi kuliko kawaida, nionekane makini.

Kisha wakawapa wanafunzi karatasi wachore safari yao kutoka getini hadi kwa mshauri, bila kuandika majina. Michoro ikabandikwa ukutani. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikaipitia mmoja mmoja nimjue anayenichongea.

Nikampata. Dirisha, upara umeinama, uso hamna, mkono umeshika muhuri. Chini imeandikwa: "Hapa nimerudishwa. Mara ya tatu." Hasira zikanipanda, nikanyoosha mkono niubandue. Ndipo nikaona mkono ule wa kwenye mchoro una vidole sita.

Dada, unamjua anayechora watu wenye vidole sita. Ulimchapa mwenyewe alipouchafua ukuta wa sebuleni kwa mama.

Nilimfuata bwenini saa ileile. Kumbe amesajiliwa uhasibu badala ya uuguzi, na mwisho wa kurekebisha ni kesho yake. Siku hiyo ikipita, mwaka wake umepotea. Nikamfokea kwa nini hakuniambia.

"Si ulinikataza nisikuzoee kazini, mjomba? Nikapanga foleni kama wenzangu. Ukasema saini ya mshauri haipo."

Na kweli. Fomu inataka saini ya mshauri, na bila fomu yenye muhuri wangu humwoni mshauri. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuliona hilo. Mtoto uliyenikabidhi nilimrudisha mara tatu, bila kujua ni yeye. Aibu iliyonishika siwezi kuieleza.

Asubuhi nililiacha dirisha, nikampeleka mwenyewe kwa mshauri. Amerudishwa uuguzi. Bi Daftari nimemweleza habari ya saini, akaandika ukurasa mzima. Bado simwamini sana, lakini aandike tu.

Msalimie shemeji, na mama mkubwa umwambie miwani yake nimeipata. Mungu akulinde, akuongezee afya, na akupe moyo wa kunisamehe.

Nilimuuliza mtoto kwa nini hakunichora uso. Akasema, bila kinyongo, "Nilisimama mbele yako mara tatu, mjomba, na sikuuona."

Ni mimi, mdogo wako akupendaye siku zote,
Mjomba wa Dirishani